Sindano ya Goti Si Goti Jipya

Sokoni, msikitini, kanisani na kwenye foleni ya zahanati, watu wazima huzungumza sana juu ya sindano ya goti. Mmoja huwaeleza wenzake kwamba alidungwa, na ilipofika siku ya tatu alikuwa akipanda ngazi bila kujishika ukutani. Mwingine hujibu kwamba yeye naye alidungwa, akapata nafuu ya wiki chache tu, kisha maumivu yakarudi kama yalivyokuwa. Wote wawili husema kweli. Lakini habari zao hizo mbili huwaacha jamaa wa wagonjwa katika mashaka: je, fedha ya mbuzi ipelekwe hospitali, ama kufanya hivyo ni kuitupa?

Chukua mfano wa bibi mmoja mkulima, mwenye umri wa miaka 62, aishiye katika kijiji cha milimani pamoja na wajukuu watatu. Shamba lake liko mtelemkoni na kisima kiko bondeni. Kwa miaka minne goti lake la kulia limekuwa likimwuma. Kwanza lilimwuma wakati wa kuteremka mlima tu, kisha wakati wa kuchuchumaa na kuinuka, na mwishowe hata usiku alalapo. Kila asubuhi goti huwa gumu kama bawaba iliyoshika kutu, na humchukua kama robo saa kabla halijalainika. Mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia. Iwapo bibi huyu hangelima, watoto wale wangekula nini? Ndiyo maana aliposikia kwamba iko sindano, hakuuliza mengi. Aliuza mbuzi, akaenda mjini.

Kabla ya kusimulia yaliyompata, yafaa ifahamike kwanza ni kitu gani kinachouma ndani ya goti.

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yake ikakaa pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa kwa gegedu, kitu cheupe, laini na chenye utelezi, kama kile kionekanacho kwenye kiungo cha kuku au mbuzi anapokatwa. Utando unaokizunguka kiungo hutoa ute, na ute huo huyafanya magegedu yateleze bila ya kukwaruzana. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa sababu hiyo, likichakaa haliwezi kujitengeneza upesi kama ngozi iliyochubuka. Tena aghalabu mtu haoni maumivu makali mpaka uharibifu umekwisha kusonga mbele, pale ambapo utando huvimba na mfupa ulio chini ya gegedu huelemewa. Hayo ndiyo maradhi ya kuchakaa kwa maungo, ambayo kitaalamu huitwa osteoathraitisi.

Maradhi haya si ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 ulimwenguni walikuwa nayo, na goti ndilo kiungo kilichoongoza, kwa watu milioni 365. Wanawake ni kama asilimia 60 ya wagonjwa wote. Umri, unene, ajali ya zamani, na kazi za kupiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito, yote hayo huyachochea. Watu wengi huyaita baridi yabisi, na wengine husema kwamba ni baridi ya milimani iliyowaingia mifupani. Lakini mtu wa pwani, aliyezaliwa na kuzeekea katika joto, huyapata vilevile.

Dawa inayodungwa gotini kwa kawaida ni ya jamii ya kortizoni, yaani ya ukoo mmoja na kemikali zinazotengenezwa na tezi ndogo zilizo juu ya mafigo ya kila mtu. Mwezi wa Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic mjini Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, Daktari Philip Hench na wenzake walimdunga dawa hiyo mwanamke kijana aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi ya aina nyingine, ile ishambuliayo viungo vingi kwa pamoja. Baada ya siku chache aliweza kutembea. Mwaka 1950 Hench, pamoja na wataalamu wa kemia Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Hata hivyo, furaha hiyo iliingia doa mapema. Wagonjwa waliopewa dawa hiyo mwilini kwa muda mrefu walivimba nyuso, mifupa yao ikadhoofika, sukari ikapanda damuni, na walipoiacha, maumivu yalirudi. Madaktari wakaona ni heri dawa itiwe mahali panapouma tu, badala ya kuzungushwa mwili mzima. Mwaka 1951 Daktari Joseph Hollander wa mji wa Philadelphia alitangaza matokeo ya kudunga haidrokotizoni ndani ya viungo vyenyewe. Njia hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo, ila dawa zimebadilika. Zinazotumika zaidi ni triamsinoloni na methiliprednisoloni, mara nyingi kiasi cha miligramu 40 kwa goti moja.

Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Mgonjwa hulala au huketi, ngozi ikasafishwa barabara kwa dawa ya kuua vijidudu, na sindano ikapitishwa kando ya pia ya goti. Goti likiwa limejaa maji, daktari huyavuta kwanza, na pengine huyapeleka maabara yakapimwe, kwa kuwa goti lenye usaha halidungwi dawa hii kamwe. Hapa yafaa msomaji atofautishe. Sindano ya makalio apewayo mgonjwa wa viungo katika zahanati nyingi ni ya kutuliza maumivu ya mwili mzima kwa saa chache; hiyo siyo sindano ya goti inayozungumzwa hapa.

Dawa ikishaingia, hupunguza uvimbe wa ule utando, na ndani ya siku chache maumivu hupungua. Haioteshi gegedu jipya. Hainyooshi mguu uliopinda. Haiwapi nguvu misuli ya paja iliyokonda kwa sababu mtu ameogopa kuutumia mguu. Mwongozo wa matibabu uliotolewa nchini Uingereza mwaka 2022 unawataka madaktari wamweleze mgonjwa waziwazi kwamba nafuu hiyo ni ya muda mfupi, baina ya wiki 2 na wiki 10.

Bibi wa mfano huu hakuambiwa hivyo, ama aliambiwa na furaha ikamsahaulisha. Siku ya nne baada ya kudungwa aliteremka kisimani akiwa na fimbo. Siku ya saba aliiacha fimbo nyumbani. Akajitwika tena dumu la lita 20. Akalima kutwa, akiwa ameinama na kupiga magoti, kana kwamba anataka kulipa deni la miaka minne katika msimu mmoja. Wiki ya tisa goti lilianza kunguruma. Wiki ya kumi na moja alikuwa akilia usiku.

Jirani akamshauri asisumbuke na safari ya mjini, kwani yuko mtu mwenye chumba nyuma ya duka, naye hudunga kwa bei nafuu, kila mwezi ukitaka. Bibi alikuwa tayari kwenda. Mwanawe mkubwa ndiye aliyekataa, akamrudisha hospitali.

"Mama," daktari alimwuliza, "baada ya sindano ile ulifanya kazi gani?"

"Nililima, mwanangu. Nilikuwa nimepona."

"Hukupona, mama. Goti lilinyamaza tu. Nawe ukalitwika mzigo kwa kuwa halikulalamika."

Maneno hayo ya daktari yana ushahidi. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa mjini Boston, Marekani, kwa watu 140 wenye maradhi haya ya goti. Nusu yao walidungwa triamsinoloni kila baada ya majuma 12 kwa muda wa miaka miwili, na nusu nyingine walidungwa maji ya chumvi, bila wao kujua nani amepewa nini. Miaka miwili ilipotimia, makundi hayo hayakutofautiana kwa maumivu kwa kiasi cha kutajika. Lakini gegedu la waliodungwa dawa lilikuwa limepungua kwa milimita 0.21, na la wale wa maji ya chumvi kwa milimita 0.10. Ni vipimo vidogo sana, wala havimaanishi kwamba sindano moja huharibu goti. Lakini vinaonya kwamba kudungwa mara kwa mara, mwaka nenda mwaka rudi, si jambo la kuchezea. Ndiyo sababu madaktari wengi hawakubali kulidunga goti lilelile kabla ya miezi mitatu kupita, wala kuzidisha mara tatu au nne kwa mwaka.

Uchunguzi wa pili una faida kubwa zaidi kwa mtu wa nyumbani. Ulitangazwa mwaka 2020, nao ulifanywa katika hospitali mbili za jeshi la Marekani kwa wagonjwa 156. Kundi moja lilipewa sindano za kortizoni. Kundi la pili lilipewa mazoezi na matibabu ya kunyooshwa viungo na wataalamu wa fani hiyo. Maumivu, ugumu wa goti na ulemavu wao vilipimwa kwa kipimo chenye alama 240, ambacho alama zikiwa nyingi hali ni mbaya. Makundi yote mawili yalianza na alama zipatazo 108. Baada ya mwaka mmoja, waliodungwa walikuwa wameshuka hadi alama 56 hivi, na waliofanya mazoezi hadi 37. Kwa hiyo waliodungwa walisaidika, lakini waliojenga misuli yao walisaidika zaidi, na msaada wao ulidumu.

Msomaji ataweza pia kusikia habari za sindano nyingine, zilizo ghali kuliko kortizoni. Iko ile ya asidi ya hayaluroni, kitu chenye utelezi kilichogunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer katika macho ya ng'ombe, na ambacho baadaye kilitengenezwa kutokana na upanga wa jogoo, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani. Nia yake ni kuuongezea ute wa goti ulaini. Nia ni nzuri, lakini mwaka 2022 wataalamu walipoyakusanya majaribio 169 na kuyapima upya, waliona kwamba faida yake juu ya sindano isiyo na dawa ni ndogo mno, kiasi kwamba mgonjwa hawezi kuitambua. Iko pia ile inayotokana na damu ya mgonjwa mwenyewe, inayozungushwa kwa mashine na kurudishwa gotini. Nchini Australia, katika uchunguzi wa watu 288 uliotangazwa mwaka 2021, haikuonekana kuyashinda maji ya chumvi katika kupunguza maumivu baada ya mwaka mmoja. Mwenye fedha zake yu huru kuzitumia, lakini asiuze shamba kwa ajili hiyo.

Sasa ni vema kuzitaja hatari, ili mgonjwa asizikimbilie wala asizitie chumvi. Baada ya kudungwa kortizoni, goti laweza kuuma zaidi kwa siku moja au mbili. Kupumzika na kuweka kitambaa cha maji baridi hutosha. Mwenye ugonjwa wa kisukari aelewe kwamba sukari yake yaweza kupanda kwa siku kadhaa, basi aipime na kumwarifu daktari mapema. Ngozi ya mahali palipodungwa yaweza kupauka au kuwa nyembamba, jambo lionekanalo wazi kwa mtu mweusi. Hatari kubwa hutokea kwa nadra, nayo ni vijidudu kuingia ndani ya kiungo. Goti likizidi kuvimba, likawa la moto na kuuma vikali, na mgonjwa akashikwa na homa, asingoje kesho. Aende hospitali siku ileile, kwa maana usaha waweza kuliharibu goti kwa siku chache.

Hapo ndipo ubaya wa chumba cha nyuma ya duka unapoonekana. Sindano isiyo safi, chupa iliyofunguliwa juzi na mkono usiojua njia ya kupita vyaweza kumgeuza mtu mwenye maumivu kuwa mtu asiye na mguu. Vivyo hivyo na vidonge visivyo na jina viuzwavyo sokoni kama dawa ya viungo. Katika nchi mbalimbali, dawa zilizosifiwa kuwa ni za mitishamba mitupu zilipopimwa zimekutwa zimechanganywa na deksamethasoni, ambayo ni jamii ileile ya kortizoni. Mgonjwa hunenepa uso, hufurahia nafuu, wala hajui kwamba mifupa yake inaliwa.

Basi mgonjwa anayeshauriwa adungwe asione haya kuuliza. Je, ni hakika kwamba goti hili limechakaa tu, wala halina usaha, jongo au mvunjiko? Jina la dawa ni lipi, na ni miligramu ngapi? Lilidungwa lini mara ya mwisho? Naye aseme kama ana kisukari, kama anatumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, kama ana kidonda karibu na goti, au kama anatazamia kupasuliwa goti hilo. Upasuaji na sindano havifai kukaribiana. Inapasa ipite miezi mitatu. Na apeleke daftari la hospitali, ili majibu yote yaandikwe.

Baada ya hayo inabaki kazi ya nyumbani, ambayo ndiyo kubwa. Wiki za nafuu ndizo wiki za kuijenga misuli ya paja, kwa kuwa misuli hiyo ndiyo nguzo ya goti. Mgonjwa aketi kitini, aunyooshe mguu mbele mpaka uwe sawa, ahesabu hadi tano, aushushe polepole. Afanye hivyo mara kumi kwa kila mguu, asubuhi na jioni. Alale chali, aweke kitenge kilichoviringishwa chini ya goti, alikandamize goti juu yake, ahesabu tena hadi tano. Akizoea, ajifunze kuinuka kitini bila ya kujisukuma kwa mikono. Maumivu madogo wakati wa mazoezi si hatari; yakizidi na kudumu hadi kesho yake, apunguze idadi, wala asiache.

Aliyenenepa ajitahidi kupunguza uzito. Wataalamu walipowapima watu wazima wenye maradhi haya, matokeo yakatangazwa mwaka 2005, waliona kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua aikanyagayo. Fimbo ishikwe kwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Dawa ya daiklofenaki ya kupaka mara nyingi hutosha kwa maumivu ya kawaida. Vidonge vya ibuprofeni na ndugu zake visimezwe kama karanga, maana huleta vidonda vya tumbo na kudhuru mafigo, hasa kwa wazee.

Jamaa nao wana sehemu yao. Jembe la mpini mrefu humwepusha mtu na kupiga magoti. Kigoda kirefu jikoni, kiti kilichotobolewa kikawekwa juu ya shimo la choo, na dumu la lita 5 badala ya lile la 20, ni vitu ambavyo fundi wa kijiji na mwenye duka wanavyo. Wala si heshima kwa vijana wenye miguu mizima kumtazama mama yao akipanda mlima na maji kichwani, kisha wakachangishana fedha za sindano.

Bibi yule hakudungwa siku ile, kwani miezi mitatu ilikuwa haijatimia. Alirudi na dawa ya kupaka na mazoezi manne aliyoonyeshwa na mtaalamu wa viungo, naye aliyashika kama alivyoshika sala. Wajukuu waligawana kazi ya maji. Mwanawe alimtilia jembe mpini mrefu, na palizi ya shamba la juu akaichukua yeye mwenyewe. Msimu uliofuata bibi alipanda maharagwe katika kishamba kilicho karibu na nyumba. Goti lake lingali likimwuma ateremkapo mlima, na huenda siku moja atahitaji sindano nyingine, au hata upasuaji. Lakini usiku hulala, na asubuhi huinuka kitini bila ya kushikwa mkono.